Nilipanda Lori Kutafuta Network

Leo nimeaibika. Tena nimeaibika nikiwa nimevaa suti.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kwa kina Wanjiru, mchumba wangu, huko Mau Narok, nijitambulishe kwa wazazi wake. Tulitoka mtaani kwetu Free Area asubuhi: mimi, mama yangu na Anko Karanja, msemaji wetu. Suti ilikuwa ya kuazima (msiniulize ya nani).

Kufika tu, baba yake Wanjiru akaleta karai. "Simu zote humu, na ziwe zimezimwa," akasema. "Siku hizi watu wanakula wakiangalia simu. Leo tutaangaliana sisi."

Wote wakatii. Hata mimi nikatii. Nusu.

Mimi nina simu mbili. Yangu niliiweka kwenye karai. Ile ya kazi, kabambe, kile kisimu kidogo cha vitufe nilichopewa na Madam, bosi wangu, ilikuwa ndani ya soksi. Huwa ninauza mbegu na dawa za mimea, na Madam alishanionya: "Nikikupigia mara tatu usishike, tafuta kazi kwingine." Jamani, mtu ataoa bila kazi?

Anko Karanja akaanza kuongea. Anajua kuongea, huyo mtu. Akiwa katikati ya kusifu malezi yangu, soksi ikatetemeka. Nikakohoa. Ikatetemeka tena. Nikakohoa zaidi, hadi mama yake Wanjiru akauliza kama nina homa. Ya tatu nikainuka, nikaomba kwenda choo.

Nje, network ni ya kubahatisha. (Simu inaita, lakini ukishika unasikia mikwaruzo tu.) Karibu na geti palikuwa na lori la jirani, limejaa viazi. Nikawaza, juu kabisa ya magunia lazima itashika. Nikapanda. Na kweli ikashika! Nikampigia Madam, bado nahema.

"Ni wewe? Mbona unanipigia Jumamosi?"

"Madam, umenipigia mara tatu!"

"Aah! Huyo ni mtoto anacheza na simu. Pumzika."

Pumzika! Sijakata hata simu, lori likanguruma, likaondoka na mimi.

Nilipiga kelele. Nikagonga kabini. Dereva alikuwa amefungulia muziki, hakusikia kitu. Ndipo nikakumbuka nina simu. Nikampigia Wanjiru: hapatikani. Mama: hapatikani. Anko: hapatikani. Nikajipigia mwenyewe (naapa!): hata mimi sipatikani. Wote tulikuwa kwenye karai. Mtu pekee aliyekuwa hewani ni mimi, na sikuwa na wa kumpigia.

Lori lilikuja kusimama kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao. Askari wa kaunti akatazama juu.

"Dere, si umesema ni viazi tu? Hiki chenye tai ni kiazi gani?"

Dereva akashuka, akanitazama, akashika kichwa. "Boss, si ungesema tu unataka lift!"

Nilirudi kwa bodaboda, suti imegeuka rangi ya shamba. Niliwakuta wote wamesimama nje. Kumbe nilipokuwa safarini, mzee aliuliza, "Basi, aliyekuja kwa ajili ya binti yetu asimame tumwone." Hakuna aliyesimama. Anko Karanja akakimbia kunigongea choo. "Toka, unaitwa!" Akatoka nyanya yake Wanjiru, amekasirika vibaya.

Kusema kweli nilitaka kulia. Wanjiru hakuniangalia hata mara moja. Nikaeleza yote, kabambe mkononi. Mzee akanyoosha mkono, akaichukua.

"Kijana, nilikuomba kitu kimoja tu, kikakushinda. Rudi baada ya wiki mbili. Hii inabaki hapa."

"Lakini mzee, Madam akipiga..."

"Nitashika mimi."

Nilidhani ni mzaha. Jioni hii Wanjiru amenitumia ujumbe kwenye ile simu yangu ya karai, wa kwanza tangu mchana: "Baba amepanda juu ya tangi la maji. Anaongea na Madam wako. Ni dakika ya ishirini sasa na bado hajamaliza."

Tafadhali msicheke. Na kama kuna mtu anajua mahali wanatafuta muuza mbegu, aniambie. Ila asipige simu. Aje tu nyumbani.