Utafiti Wangu wa Vifua vya Akina Baba

Jumatatu, 14 Julai

Tangazo ubaoni asubuhi. Profesa Violeth anakuja Ijumaa kutoka Mwanza kukagua tafiti za hospitali yetu. Atakayemridhisha ataongea jukwaani kwenye kongamano kubwa la wataalamu wa afya.

Daktari Charles wa wodi ya upasuaji alisoma tangazo akitabasamu. Ana sababu. Amehudhuria makongamano mengi kuliko harusi. Kila akirudi ana mkoba mpya wa kitambaa wenye nembo, na anaubeba hata sokoni akinunua mchicha. Mimi nimezeekea wodi ya watoto wachanga hapa Shinyanga na sijawahi kupewa hata kalamu.

Nikamuuliza anatafiti nini. Unawaji wa mikono, akasema. Mwezi uliopita aliweka watu wa kuangalia kwa siri nani ananawa kabla ya kumgusa mgonjwa na nani hanawi. Sasa amebandika picha za kuhimiza kwenye kila karo, na watu wake wanaangalia upya. Nikacheka sana. Utafiti wa sabuni. Kisha akasema wodi yangu imo. Nikaacha kucheka.

Jioni nilikula kimya. Mke wangu Shamimu akauliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, ni mimi tu sijulikani.

Wazo likanijia bado tuko mkekani. Watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, tunawafunga vifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wapate joto. Kangaroo, ndivyo tunavyoita. Mama akiugua, mtoto anangoja. Na baba je? Yuko nje ya uzio, ameegemea pikipiki. Kifua kizima kinakaa bure.

Daktari Abdulshakur na Vifua vya Akina Baba. Nilisema kwa sauti. Shamimu akaondoa sahani.

Jumanne, 15 Julai

Nilimwamkia Sista Apolonia, muuguzi kiongozi wa wodi yetu, shikamoo ya kuinama kabisa. Akajua nina shida. Nikamweleza mpango huku akimlisha mtoto kwa mrija.

Akasema kumweka mtoto kifuani kwa baba yake si utafiti, ni matunzo. Faida yake inajulikana, na ruhusa inayotakiwa ni ya huyo baba tu. Lakini kukusanya joto na mapigo ya moyo ya watoto wa watu ili nikajisifie jukwaani, hilo linataka kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na ridhaa ya wazazi. Ninacho kibali? Nikasema haya ni majaribio ya awali. Akasema hata ya awali.

Kamati inakutana mwezi ujao. Profesa anakuja Ijumaa. Kwa hiyo aliyechelewa ni kamati, si mimi.

Nikaenda uzioni kutafuta vifua. Baba wa kwanza alisema amekuja kuleta uji tu. Wa pili pamba yake iko juu ya lori na mizani haimsubiri. Mzee mmoja wa Tinde, aliyekuja kumwona mjukuu, aliniuliza kwa adabu kama baba yangu mwenyewe alinibeba hivyo. Nikasema hapana. Akanitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani. Akasema naona.

Nimerudi bila kifua hata kimoja.

Mchana nikabuni la kumkomesha Charles. Namjua kijana wake anayetuangalia, anajifanya anasoma matangazo. Nitanawa mikono kupita kiasi. Kabla ya mgonjwa, baada ya mgonjwa, hata nikigusa mlango. Nitawahimiza wauguzi nao wanawe. Wodi yangu itazipita nyingine mno, takwimu zake zitapinda, hatajua zimepindaje.

Mikono imeanza kuchanika. Ni gharama ya sayansi.

Jumatano, 16 Julai

Leo sijui niandike vipi.

Asubuhi gari la wagonjwa lilimleta mama mmoja, Loveness, mke wa mchimbaji. Kifafa cha mimba. Alikuwa amepatwa na degedege njiani, hajitambui. Akapelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji, mtoto akatolewa, mama akaenda kwa wagonjwa mahututi. Hakuna aliyethubutu kusema ataamka.

Mtoto ni wa kike. Kilo moja na kidogo. Mkono wake mzima ungeweza kupita ndani ya pete yangu ya ndoa. Mashine ya joto moja mbovu, nyingine ina wenyewe. Anaanza kupoa.

Baba akafika kutoka machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Mwigulu. Mtu mkubwa, buti hadi magotini, tope mpaka kwenye nyusi. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, kifua hiki hapa. Nikamweleza haraka. Akarudi nyuma hadi ukutani.

"Daktari, mimi nashuka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, nashika baruti, siogopi," alisema. "Lakini hicho siwezi kukishika. Mikono yangu itakivunja."

Sista Apolonia akamwambia hatatumia mikono, atatumia kifua. Ila hamgusi mtoto na nguo hizo, maana zina vumbi la mwamba na zebaki wanayokamatia dhahabu, sumu kwa mtoto. Aende akaoge kwa sabuni, mara mbili, kichwa pia. Atapewa nguo safi. Mwigulu akaenda mbio kama mtu aliyepata nafuu.

Na mtoto anazidi kupoa. Sista akanitazama. Nikamwambia mimi ni daktari. Akasema anajua, nivue shati.

Alinifungua vifungo mwenyewe, kama anamvua mtoto wa shule. Akamlaza huyo binti kati ya mbavu zangu, kofia kichwani, soksi miguuni, mirija ya oksijeni puani, akatufunga pamoja kwa khanga. Nikakaa.

Nimewaona watoto njiti wengi. Nimewapima, nimewaandikia dawa, nimewaandikia pia vyeti ambavyo hakuna anayetaka kuviandika. Sikuwahi kumbeba hata mmoja namna hii. Alikuwa baridi kama kijiko. Moyo wake ulikuwa unakimbia juu ya wangu, mwepesi, kama kidole kinachobisha mlango wa jirani. Sikuthubutu kupumua kwa nguvu.

Kisha akanyamaza. Moyo ukaanza kupunguza mwendo. Watoto hawa husahau kupumua, najua, huwa nafundisha wanafunzi. Kufundisha ni kitu kingine. Nikamsugua unyayo kwa kidole. Hakuna. Nikamsugua tena. Sista alikuwa ameshashika kifaa cha kumpulizia hewa. Mtoto akashtuka, akavuta pumzi, pumzi moja ndogo iliyonipitia mwili mzima.

Taratibu akaanza kupata joto. Joto langu mimi. Lilitoka kwangu likaingia kwake, nililisikia likienda.

Mwigulu akarudi anang'aa, ananuka sabuni. Sikutaka kumtoa. Sista ilibidi aseme mara mbili.

Halafu nikakumbuka kwamba sikuandika kipimo hata kimoja. Mtafiti gani mimi.

Alhamisi, 17 Julai

Mwigulu hajatoka kitini tangu jana, isipokuwa pale alipolazimishwa kwenda chooni. Sista alimshikia mtoto. Mwigulu alirudi amelowa nusu, hakungoja kujifuta baada ya kuoga tena.

Anamsemesha mtoto Kisukuma, chini chini. Mimi nimekulia mjini, nashika neno hapa neno pale. Nilisikia ng'wanawane, mwanangu. Anamhadithia mama yake alivyo. Kwamba ana hasira za karibu, kwamba anapika michembe mitamu, viazi vilivyokaushwa. Kichwa kile cha mtoto, kidogo kama limau, kimelala kwenye kovu la kifua ambalo alilipata duara lilipomporomokea.

Joto la mtoto ni zuri. Anapumua vizuri kuliko jana. Sista ananiita niangalie, nami naangalia, na kila mara najikuta nimesimama tu.

Saa ya kutazama wagonjwa, wanaume walichungulia dirishani. Wa uji alikuwapo. Akaniuliza, bila kunitazama usoni, yule bwana amelipwa? Nikasema hapana. Akaondoka. Akarudi ameoga. Sasa wapo wawili vitini, na hawasemeshani, kama watu walioko ibadani.

Alasiri kukaja habari njema kutoka chumba cha wagonjwa mahututi. Loveness amefumbua macho. Mwigulu aliambiwa palepale kitini. Machozi yalimshuka, akawa anayafuta harakaharaka yasimdondokee mtoto.

Ndipo nikarudiwa na akili. Kesho ni Ijumaa. Nimebandika chati ya joto juu ya kiti cha Mwigulu, jina langu kwa wino mwekundu. Nimemwomba pia, profesa akimsalimu, aseme mtafiti mkuu ni Daktari Abdulshakur. Akajaribu. Akasema jina ni refu, lakini atajitahidi.

Nimenawa mikono siku nzima. Kijana wa Charles ameishiwa karatasi.

Ijumaa, 18 Julai

Profesa Violeth ni mwanamke mfupi, mpole, anayeuliza swali kisha akangoja. Hilo la kungoja ndilo baya.

Alisoma chati yangu hadi mwisho. Akauliza kibali cha kamati kiko wapi. Nikasema mchakato unaendelea. Akauliza unaendelea wapi. Nikajibu kwamba unaendelea moyoni mwangu, na kwa kweli sijui kwa nini nilisema hivyo. Daktari Charles alikohoa.

Akamgeukia Mwigulu. Akamuuliza kama aliambiwa kwamba yumo kwenye utafiti, na kwamba anaweza kukataa.

Mwigulu akanitazama. Niliona anatafuta jina langu refu.

"Mama, mimi niliambiwa ni mwanangu na anasikia baridi," alisema.

Profesa akaibandua chati taratibu, akaikunja, akanikabidhi. Hakunifokea. Alisema tu kwamba mtu aliyekaa pale kitini hakukopesha kifua chake kwa ajili ya jina la mtu. Masikio yangu yalipata joto la kutosha kulea mapacha.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa. Muuguzi alikuwa anamsukuma Loveness kwenye kiti cha magurudumu, amevimba uso, dripu juu. Alikuwa ameomba kumwona mtoto kabla hajaambiwa lolote. Sote tukajibana ukutani, na profesa naye.

Loveness alimtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Mwigulu," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Umeoga."

"Nimeoga."

"Yuko wapi?"

Mwigulu akafunua khanga kidogo. Ikaonekana kofia, kisha sikio. "Huyu hapa. Anapumua mwenyewe. Wewe ulikuwa umelala, nikamwambia usiwe na wasiwasi, mama yako hachelewi."

Loveness akanyoosha kidole, akagusa mgongo ule mdogo. Mtoto akajinyoosha, akafungua kiganja, akakishika kidole cha mama yake. Nilikuwa nimekunja chati mkononi na sikuwa najua tena ni ya nini. Profesa alivua miwani. Sista Apolonia akamfunga mtoto kwa mama, na baba akabaki na kifua kitupu, akikipapasa kama mtu aliyepoteza funguo.

Baadaye, matokeo ya Charles. Wodi zote zimepanda kidogo. Wodi ya watoto wachanga imepanda hivi kwamba profesa alidhani ni kosa la hesabu. Akauliza siri ni nini. Kijana wa Charles akanielekeza kidole. Alisema huyu daktari, tangu picha zibandikwe, hanyanyui hata kalamu bila kunawa, na wauguzi wote wanamfuata. Charles akanikumbatia mbele ya watu. Anakwenda kwenye kongamano.

Profesa aliniita pembeni. Yuko tayari kunisaidia kuandika maombi sahihi kwa kamati, mimi na Sista Apolonia, jina la Sista likitangulia, maana kumbe amekuwa akiwabembeleza akina baba miaka yote bila kumtangazia mtu. Tuanze baada ya kibali, si kabla. Nikasema nimeelewa. Nilimaanisha kabisa.

Jumatano, 23 Julai

Mtoto anaongezeka uzito. Loveness anatembea mwenyewe hadi wodini. Akina baba wanapokezana viti, wengine wanakuja na taulo zao.

Mwigulu amenitangazia jina la mtoto. Mageni. Amesema ni kwa sababu kifua cha kwanza kumpokea kilikuwa cha mgeni. Nimemweleza Shamimu kwamba kwa maana hiyo mtoto kapewa jina langu, ila limefichwa. Shamimu akasema limefichwa vizuri.

Mwigulu anarudi Geita kwa siku chache kuchukua vitu vyake. Wabeja, Daktari, alisema, asante, na akanishika mkono muda mrefu. Akaongeza kwamba wenzake kule wanakohoa mno. Vumbi la mwamba. Wengine hawawezi kupanda kilima. Nikamwambia awalete wapigwe picha ya kifua na wapimwe kifua kikuu, wasingoje. Nililisema kwa moyo mweupe. Hiyo ndiyo kazi yetu.

Kisha nikamuuliza wako wangapi. Akasema wengi.

Wengi. Nimekuwa nikilirudia neno hilo tangu mchana. Hakuna daktari hapa aliyewaandika. Charles anajua sabuni tu. Wakija Jumatatu, na mimi nikiwahi mashine ya picha, ifikapo mwisho wa mwezi nina jambo la kuisimamisha nchi.

Sista Apolonia amenikuta naandika. Akauliza kama ndiyo maombi ya kamati. Nikasema ndiyo. Akafurahi, maskini.

Kichwa cha utafiti nimeshakipata, na jina langu limekaa vizuri chini yake. Kamati tutaiarifu tukishamaliza. Ni watu wazima, wataelewa.