Enter Imenifukuzia Wakwe

Wapendwa, leo nimeaibika. Na aibu yenyewe nimeiandika kwa kidole changu mwenyewe.

Leo ndiyo siku ambayo wazazi wa Mugendi walikuwa waje kutoka Embu kumposa binti yetu Kendi. Mke wangu na akina mama wa kanisa walikuwa jikoni tangu alfajiri wakiponda mukimo wa viazi na mahindi. Kendi alikuwa ameshuka mjini Meru kusukwa nywele. Mimi, baba mwenye boma, sikuwa na kazi. (Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mzee asiye na kazi siku ya sherehe afungiwe mahali.)

Baada ya maombi ya asubuhi nikawaza, wageni wako njiani, mbona nisiwaandikie neno la kuwakaribisha kwenye grupu ya familia zetu mbili? Simu yangu ina vitufe vidogo kama mbegu za mtama, kwa hiyo nikaketi mbele ya kompyuta ya Kendi, ambayo aliiacha wazi ikiwa kwenye grupu hiyo hiyo.

Sasa lazima mjue jinsi ninavyochapa. Nilikuwa karani wa shule moja pale Kaaga enzi za taipureta. Mstari ukiisha, kengele inalia, unasukuma mkono wa mashine, unaanza mstari mwingine. Kompyuta zilipokuja nikaambiwa kazi ya ule mkono sasa inafanywa na Enter. Nikakipenda kitufe hicho kuliko vyote. Nakigonga kwa nguvu, na kengele bado naisikia kichwani. Halafu huwa naandika kwa herufi kubwa tupu, maana ndogo sizioni vizuri. Na nachapa kwa kidole kimoja, macho yakiwa kwenye vitufe. Kioo sikitazami mpaka nimalize.

Basi nikaanza, moyo umejaa shukrani:

WAPENDWA WAKWE ZETU WA EMBU, SISI HATUTAWAPOKEA

Ting! Enter. Nikaanza mstari wa pili, nikiitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta kuku jioni:

KAMA WAGENI BALI KAMA NDUGU ZETU. KENDI SI MTOTO WA KUTOLEWA

Enter.

KWA HARAKA, BALI KWA MAOMBI. MUGENDI TUMEMCHUNGUZA NA TUMEONA HAFAI

Enter! (Nilikuwa najiambia, Mzee, leo umeandika kama mhubiri.)

KUITWA MKWE TU BALI MWANA WETU HALISI. TUNAWAOMBEA SAFARI NJEMA, NA MKISHAKULA NA KUSHIBA RUDINI

Enter. Hapo nikapumzika. Nikafuta miwani. Nikanywa chai taratibu. Ulikuwa umebaki mstari mmoja tu, NYUMBANI KWENU MKIWA NA FURAHA. Simu yangu ilikuwa chumbani, nimeizima sauti tangu maombi. Ilikuwa inatetemeka kitandani kama mgonjwa wa malaria, na mimi sina habari.

Mara nikasikia pikipiki uani. Kendi akaingia mbio. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Analia.

"Baba, kama humtaki Mugendi, si ungeniambia uso kwa uso?"

"Nani hamtaki Mugendi?"

"Umeandika hafai! Mbele ya watu wote! Na unapiga kelele!"

"Kendi, mimi hata sijafungua mdomo leo."

Akageuza kompyuta. Ndipo nikakiona kioo kwa mara ya kwanza. Kila mstari wangu umekwenda peke yake, na kati ya mstari na mstari wakwe wamejaa tele. Mama Mugendi: "Hamtatupokea? Tumekosa nini?" Shangazi yake: "Wameru wametuona wajinga." Mama Mugendi tena: "Hafai kwa nini? Mtoto amesoma, anasali!" Na chini kabisa, Mzee Nyaga, baba yake Mugendi: "Tulikuwa tumefika Nkubu. Tumegeuza gari."

"Baba, Enter ndiyo inatuma, na herufi kubwa ndiyo kupiga kelele," Kendi akasema polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto.

Mke wangu alikuwa mlangoni na mwiko wa mukimo mkononi. "Baba Kendi," akasema, "piga simu. Na uombe ukiwa unapiga."

Nikakimbilia simu chumbani, nikapiga.

"Tumekusikia, Baba Kendi," Mzee Nyaga akajibu. "Hukuwa na haja ya kututangazia kwa herufi za mkutano wa hadhara."

Nikaeleza yote. Taipureta, kengele, Enter, macho yangu. Nikasikia mbuzi wao wa posa akilia nyuma ya gari.

"Kwa hivyo kijana wangu anafaa?"

"Anafaa kabisa. Kuliko mimi."

"Basi mwambie mwenyewe, maana amekaa hapa hasemi na mtu."

Nikapewa Mugendi. "Mwanangu," nikamwambia, "nisamehe. Sisi tunakupenda."

"Asante, Baba," akajibu. "Lakini tafadhali usiniandikie."

Walirudi, ashukuriwe Mungu. Walifika wakati mukimo umeshapoa na ukungu wa hapa kwetu Kibirichia umeshashuka. Kendi alifunga kitambaa kichwani, kwa sababu msusi alikuwa amefunga duka. Macho yake yalikuwa mekundu katika kila picha, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Siku hii alikuwa ameisubiri, na mimi ndiye niliyemliza. Nimemwomba Mungu msamaha, nikamwomba na yeye. Kati ya hao wawili, Kendi ndiye aliyekuwa mgumu zaidi.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe! Tulipotaka kuketi tuanze mazungumzo ya mahari, msemaji wao akabaki amesimama, akakohoa.

"Kabla hatujasema tulilolijia, kuna jambo. Mgeni akifukuzwa njiani, haketi mpaka asafishiwe njia kwa kondoo. Hiyo ni desturi yetu, na najua ni yenu pia."

Nikawatazama wazee wa upande wangu wanitetee. Mmoja akawa anachungulia dari. Mwingine akasema, "Ni kweli kabisa," na alikuwa anacheka kwenye kofia yake!

Nikaenda zizini, nikamfungua kondoo wangu dume, yule mnene, nikamkabidhi Mzee Nyaga mbele ya watu. Ndipo wakaketi. Ndipo Kendi akaposwa.

Kwa hiyo wapendwa, katika ukoo wetu wote mimi ndiye baba wa kwanza kutoa mnyama ili bintiye aposwe. Mniombee, na mkilazimika kucheka, mcheke kwa herufi ndogo.