Ombi la Kuondoa Lindo la Jua Kichwani Pangu

Laurian, Kinyozi,
Kijiji cha Mukikomera,
Kata ya Kasulo, Ngara.

Ndugu Mwenyekiti Danstan,

Shikamoo. Natumaini wewe, mama watoto na yule ng'ombe wenu aliyevunjika pembe mnaendelea vizuri. Mimi ni mzima. Ni mzima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unanifahamu. Mimi ndiye ninayekunyoa kila Jumamosi ya pili, na ndiye mtu pekee mwenye ualbino katika kijiji chetu. Mwaka jana, baada ya misa, nesi wa ngozi alikuja akanipa kofia pana na mafuta ya kukinga jua, akafundisha mbele ya watu wote. Somo lenyewe lilikuwa zuri na sina neno nalo. Mikono mirefu, kofia, miwani ya jua, mafuta nusu saa kabla ya kutoka na tena kila baada ya saa mbili, na kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni mtu atafute kivuli. Ukiacha mafuta, ambayo hatukuwa nayo, mengine yote marehemu mama alinifundisha kabla sijajua kusoma.

Tatizo ni sentensi ya mwisho. Nesi alisema ngozi ya Laurian ni jukumu la kijiji kizima. Vijiji vingine watu wangepiga makofi wakaenda kula. Wewe uliitisha mkutano, ukaandika azimio kwenye muhtasari, na kwa kuwa wezi wa mbuzi walikuwa wamepungua na sungusungu hawana kazi, ukawakabidhi jua.

Tangu siku hiyo sina raha. Naomba nieleze malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Kuhusu kofia. Kofia ni yangu, lakini siku hizi naivaa kama mtu aliyeiazima. Jumanne iliyopita nilihesabu. Kutoka nyumbani hadi saluni yangu ni mwendo wa dakika tisa, na niliambiwa nivae kofia mara kumi na moja. Akina mama waliokuwa wanang'oa maharage waliinua migongo wakapaza sauti, "Rauriani! Kofia!" Mwenyekiti, kofia ilikuwa kichwani. Ilikuwa kichwani mara zote kumi na moja.

2. Kuhusu mafuta. Kwa kuwa kamanda wa sungusungu, Mzee Shibuda, hana saa, aliamua kutumia kengele ya shule. Sasa kengele ya mapumziko ikilia, wanafunzi hawaendi kunywa uji. Wanakuja kujipanga mlangoni pangu kuhakikisha nimepaka. Jirani yangu Mama Ildefonsa naye anakuja kukagua nyuma ya masikio kwa kidole, na akikuta pakavu anatangaza. Mimi ni mfanyabiashara. Mteja akiona kinyozi wake anakaguliwa masikio, anaanza kuwaza mengine.

3. Kuhusu saluni. Mchana jua huingia kidogo mlangoni, kama upana wa kiganja. Wiki iliyopita nilikuwa namnyoa Jean Paul, nimemaliza upande wa kushoto, mara sungusungu wanne wakambeba na kiti chake wakampeleka nyuma ya jengo, kwenye kivuli, ili mimi nimfuate. Waya wa mashine haufiki nyuma ya jengo. Jean Paul alikaa na nusu kichwa mpaka saa kumi na dakika tano, na tangu siku hiyo anasafiri kwenda kunyolewa mjini Benaco.

4. Kuhusu mawingu. Nesi alisema hata siku ya mawingu jua linapenya. Sikatai. Lakini siku ile mvua ya mawe ilipopiga mpaka bati la ofisi yako likatoboka, Mzee Shibuda alikuja amelowa chapachapa kuniuliza kama nimerudia mafuta. Nilimwonyesha mvua. Akaniambia jua ni janja, linajificha tu.

5. Kuhusu mazishi. Tulipomzika mzee wa kule juu, turubai lilikuwa moja. Jua liliposogea, turubai nalo likasogezwa kunifuata mimi, ambaye hata sikuwa ndugu wa marehemu. Katekista alisoma sala akiwa juani, wafiwa wakawa juani, na mimi nimekaa kivulini peke yangu kama mgeni rasmi. Nililia, na watu wakadhani nalia kwa ajili ya marehemu.

5b. Nilisahau basi. Nilipokwenda Nyakanazi kununua meno mapya ya mashine, Mama Ildefonsa alinikabidhi kwa abiria pale stendi. Abiria wakabishana jua litakuwa upande gani. Barabara ina kona, na kila ilipopinda walinihamisha kiti. Nilifika Nyakanazi nikiwa nimekaa na kila mtu ndani ya basi lile, na mmoja wao tayari alikuwa ananiita mkwe.

Hayo yote ningeyavumilia. Nakuandikia kwa sababu ya namba sita.

6. Kuhusu Bugarama. Yupo binti huko anaitwa Kanyange, tulifahamiana kwenye mashindano ya kwaya. Nampenda, naye ananipenda, na Jumapili ya wiki mbili zilizopita nilikwenda kujitambulisha kwa baba yake, Mzee Ndikuriyo. Niliondoka alfajiri, kimyakimya, kwa sababu nilitaka niende kama mwanamume mwingine yeyote. Nilikuwa nimejipanga. Nilipaka mafuta, nilivaa shati la mikono mirefu, na mafuta ya akiba yalikuwa mfukoni. Kanyange alikuwa ameweka viti chini ya migomba, mahali jua lisipofika. Kama unavyojua, kwetu kijana hamwamkii baba mkwe akiwa amevaa kofia. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa kuvua, kutoa shikamoo moja, kupokea marahaba, na kuvaa.

Nilianza kutoa shikamoo. Mkono ulikuwa tayari kwenye ukingo wa kofia. Hapo filimbi ikalia getini, na sauti ya Mzee Shibuda ikasema, "Usivue!"

Walikuwa wamenifuata, Mwenyekiti. Pikipiki mbili. Mzee Shibuda amevaa sare, Mama Ildefonsa ameshika mwavuli. Mzee Ndikuriyo alibaki na marahaba yake mdomoni. Mama Ildefonsa aliamkia wazee vizuri sana, siwezi kumsingizia, kisha akafungua mwavuli juu yangu wakati nipo chini ya migomba, akamwambia baba mkwe kwamba zimebaki dakika kumi na moja nipake tena. Mzee Ndikuriyo akauliza, kwa upole, kijana anaumwa nini. Kabla sijajibu, Mzee Shibuda alisimama akatoa somo lote la nesi tangu mwanzo, huku ananyooshea shingo yangu mwiko wa mama mkwe kama mwalimu mbele ya ramani. Alitaja mpaka midomo.

Mzee Ndikuriyo alisikiliza, akasema atafikiri, ataleta jibu. Kanyange alikuwa anatazama chini. Leo ni siku ya kumi na nne na jibu halijaja.

Nimeumia, Mwenyekiti, na sitaki kulizungusha hilo. Baba gani atampa binti yake mtu anayeletwa na mlinzi na mwavuli? Anataka mkwe wa kumtunza binti yake, si mkwe wa kutunzwa. Siumwi. Nina miaka ishirini na minne, nina kazi, nina kofia, na najua matumizi yake.

Naomba usinielewe vibaya. Nilipokuwa na miaka saba, miaka ile ambayo watu walituwinda sisi wenye ualbino, sungusungu hawa hawa walilala mlangoni petu kwa zamu, na Mzee Shibuda alilala pale hata zamu zisizokuwa zake. Mama alikuwa anawapikia uji. Sijasahau na sitasahau. Lakini lile lilikuwa lindo dhidi ya watu, na mimi nilikuwa mtoto. Hili ni lindo dhidi ya jua, na mimi natafuta mke.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Azimio lifutwe kwenye muhtasari, lisikatwe kwa mstari tu, maana Mama Ildefonsa anasoma hata yaliyokatwa.

(b) Mzee Shibuda apewe kazi nyingine. Wezi wa mbuzi wakikosekana kabisa, watafutwe.

(c) Nitangazwe mkutanoni kuwa ni mtu mzima mwenye kofia yake.

(d) Kama (a) hadi (c) hazitawezekana, haki iwe kwa wote. Kichwa chako, Mwenyekiti, nakifahamu kuliko mtu yeyote hapa kijijini, na pale kati kimebaki wazi kabisa. Kinapigwa na jua kila siku na hakuna aliyewahi kukipigia filimbi. Nacho kiwekewe lindo, zamu mbili, pamoja na kengele.

(e) Hata (d) ikishindikana, nitahamia Nyakanazi. Pale watu wanapita tu, kila mtu anawahi basi lake, na hakuna atakayejua wala kujali nimevaa nini. Nimeshaulizia chumba.

Naomba majibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ni zamu yako ya kunyolewa na singependa tuwe na maneno wakati nimeshika wembe.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote wa serikali ya kijiji, mwalimu wa zamu anayepiga kengele, na yule ng'ombe. Mzee Shibuda na Mama Ildefonsa wasalimie pia, lakini kwa mbali.

Ni mimi, kijana wako mwenye masikio yaliyopakwa vizuri,

Laurian.

Nakala: Hakuna. Mama Ildefonsa atakuwa ameshaisoma.

N.B. Barua hii nilikuwa nimeshaifunga nilipoletewa nyingine kutoka Bugarama. Ni ya Mzee Ndikuriyo mwenyewe, kwa mkono wake. Anasema hakukawia kwa sababu ya kukataa, alikawia kwa sababu alikuwa anaulizia habari zetu. Anasema alipovuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana, alitembea siku tatu na hakuna mtu aliyemuuliza kama amekula. Kwa hiyo alipoona watu wameacha maharage shambani, wamepanda pikipiki mpaka Bugarama kwa ajili ya masikio ya mtoto wa mwenzao, alijiuliza binti yake akiugua huko nani atakimbia, akaona jibu limesimama mbele yake na filimbi. Amekubali, na anataka siku ya posa wale wawili watangulie. Kanyange ameongeza chini kwamba Mama Ildefonsa amfundishe kuhesabu saa mbili, na kwamba angependa naye apate filimbi.

Naomba basi 1 hadi 6 usizisome, na (a) hadi (e) uzichome, isipokuwa (d), ambayo bado ina maana. Chumba cha Nyakanazi nimekikataa. Barua ya mkwe nilitoka nayo mbio mpaka kwa Mzee Shibuda, nikamsomea yote palepale shambani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa mkono wa sare, kisha akanipigia filimbi, kwa sababu nilikuwa nimetoka bila kofia.