Ilani Mlangoni Mkunazini

Jumatatu, 1 Machi 1954

Balaa! Tarishi wa korti kabandika ilani mlangoni. Nyumba hii ya marehemu mama, niliyoiweka rehani kwa Bwana Mabrouk nifungue kiwanda cha sabuni, itapigwa mnada Jumamosi. (Sabuni haikutoa povu. Sipendi kuizungumzia.) Mke wangu Kidawa yuko sokoni. Nimeibandua upesi. Karatasi isipoonekana, mnada haupo. Akili hiyo!

Jumanne, 2 Machi

Niliificha chini ya godoro. Kidawa katandika kitanda. Kaisoma mara mbili, mimi natazama dari. Nilitegemea kilio. Wapi! Katoa mkataba sandukuni. Kasema umeandikwa wazi: tujulishwe siku thelathini kabla ya mnada, na ilani hii imetupa tano.

"Karatasi hii ndiyo ngao yetu, Bwana Jecha," kasema, "nawe unaibandua?"

Miaka kumi na miwili nimelala ubavuni mwa mwanasheria, sijui!

Alhamisi, 4 Machi

Kortini, kuuzuia mnada. Subhana Llah, jengo lile! Viatu vyangu vililia kila hatua, nikavivua. Kidawa kaitoa ilani na mkataba, sauti haikutetema hata kidogo. Halafu Mabrouk, ambaye akikohoa tu wachukuzi wote wa Darajani husimama wima, kaulizwa na hakimu neno moja: mwenye nyumba alijulishwa kwa muda uliokubaliwa? Kapangusa jasho. Kababaika. Tajiri mzima, mbele ya swali lile, kawa mdogo kama mimi. Nywele zilinisisimka. Nikasimama nimweleze hakimu ustadi wangu wa kubandua. Kidawa kanivuta kanzu, nikakaa. Hakimu kaamuru mnada usimame. Hukumu itaandikwa na kuletwa nyumbani.

Jumatatu, 8 Machi

Tarishi kaja tena, na bahasha! Nimeruka dirisha la uani, nikaangukia banda la kuku la jirani yetu Silima. Kanzu imechanika. Mbio mpaka Forodhani.

Nimerudi magharibi. Kidawa yumo ukumbini, uso unang'aa. Ilikuwa hukumu: mnada umefutwa, Mabrouk aanze upya na atupe siku zetu zote thelathini. Keshapata na mpangaji wa vyumba vya juu, kodi ya mwaka mbele, deni litalipika. Nimemtazama kama watu wanavyoutazama mwezi mwandamo.

Mwanamke hodari, sikatai. Lakini lau nisingelikimbia upesi vile, bahasha ile ningelitiwa mkononi!