Mdomo Wangu na Mchicha wa Uani kwa Musyoka

Jumatatu, 6 Oktoba

Pembe za mdomo zimepasuka tena, kulia na kushoto. Nimepiga mswaki, povu limetoka jekundu. Mtu wa miaka arobaini na sita hatoki damu bila sababu. Sababu ninayo. Inakaa nyuma ya uzio wa mabati, inaitwa Musyoka.

Niandike vizuri, ili siku nikianguka polisi wapate pa kuanzia. Musyoka ni jirani yangu hapa Mishomoroni. Alihamia kutoka Machakos, anafanya kazi bandarini, na katika kwaya ya kanisa letu anaimba sauti moja na mimi. Ubeti wa pili nimeuongoza peke yangu miaka kumi na mmoja. Yeye ana miaka mitatu tu kwenye kwaya, na tayari hukohoa kila nikipanda juu. Jumapili ni mashindano, Changamwe. Anautaka ubeti wangu.

Na mboga zote za nyumba hii zinatoka uani kwake! Tangu Pasaka namwona mke wangu Gladys akipita kwenye uwazi wa uzio na kurudi na mchicha. Kisha kunde. Kisha mayai, kisha papai. Bure! Nani hutoa vitu bure siku hizi? Tangu hapo sijagusa. Asubuhi mkate na chai ya rangi, jioni sima na chai ya rangi. Mboga nawarushia kuku wa Musyoka, Gladys akigeuka. Kuku wananenepa. Bila shaka wameshaizoea sumu.

Miezi sita najihadhari hivi, na bado sumu imenifikia. Lazima inapita hewani.

Jumanne, 7 Oktoba

Mazoezi. Wimbo wa mashindano una "Bwana" mara tisa na "Haleluya" mara kumi na nne. Yote maneno ya kupanua mdomo! Nani aliuchagua? Nimemuuliza Mwalimu Jerioth, anayetufundisha. Akasema tuliuchagua wote, na aliyepiga makofi kuliko wengine ni mimi.

Nikamwomba kwa adabu tubadilishe kidogo. Penye Bwana tuweke Mungu, penye Haleluya tuweke utukufu. Hayo huimbwa na mdomo mdogo. Akasema Zaburi haihaririwi kwa ajili ya midomo ya mtu. Soprano wakacheka.

Musyoka akaniuliza kwa upole kama naumwa. Upole! Akasema ikiwa ni shida nisijali, kaka Mwarandu, atanishikia ubeti kidogo. Kidogo. Neno hilo nimeliandika hapa kama alivyolitamka.

Jumatano, 8 Oktoba

Mtego! Gladys alipika mchicha wa nazi. Nikajaza bakuli, nikampelekea Musyoka, nikasema ni ujirani mwema. Mwenye sumu huijua sumu yake. Nilitaka nimwone akikataa, atoke jasho.

Hakukataa. Alikaa kwenye kigoda, akakamulia limau, akala mpaka akapangusa bakuli kwa tonge la mwisho. Akasema Mungu anibariki, leo mkewe Carolyne alichelewa kupika. Jioni mazoezini aliimba mpaka Jerioth akafumba macho. Basi siri nimeijua. Limau! Ndiyo dawa ya kuizima.

Gladys aliuliza mboga ziko wapi. Nikamwambia nimekula zote. Alifurahi sana, akasema kumbe napenda, akaniongezea chai. Nilijisikia vibaya kidogo. Nikainywa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekata malimau mawili, nikajipaka kwenye vidonda.

Kelele niliyopiga iliwatoa watu mpaka barabarani. Mama mmoja alikuja ameshajifunga leso ya msiba. Gladys akanishika mkono mpaka zahanati, akangoja nje kwenye benchi.

Muuguzi akanivuta kope za chini, akatazama fizi, akauliza nakula nini. Nikamjibu bila kuficha kwamba mimi ni mtu wa sima na chai, sina makuu. Akatikisa kichwa. Akasema fizi zinatoka damu kwa kukosa vitamini C. Pembe za mdomo ni vitamini B na madini ya chuma, na chai nzito juu ya chakula inazuia hata hicho chuma kidogo ninachopata. Nikiendelea hivi nitaishiwa damu, na hata ngazi zitanishinda. Nile mchicha, kunde, mayai na papai.

Nikashtuka. Mchicha, kunde, mayai, papai! Uani kwa Musyoka pale pale, hata mpangilio haukubadilika! Nani alimpa orodha? Nikatazama jina kifuani. Mwende. Nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema Kitui, Ukambani kule kule kwa Musyoka. Nikasema asante, nimeelewa yote.

Gladys aliniuliza nimeambiwa nini. Nikasema ni uchovu. Kuta za zahanati ni nyembamba, Mwende angesikia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jerioth ameamua. Ubeti ataimba Musyoka. Alinivuta pembeni kuniambia, na sauti yake ilikuwa ya huruma. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilikwenda nyuma ya kanisa nikalia. Siwezi kuidanganya shajara yangu mwenyewe. Siku sita za wiki mimi ni fundi wa feni ambaye hata feni ya nyumbani kwake inapiga kelele. Jumapili, kwenye ubeti ule, Gladys huacha kila kitu akaniangalia kama alivyoniangalia kabla hatujaoana. Ubeti ukienda, nabaki na nini?

Nikapangusa macho, nikapanga. Kesho nitatoka mbele kabla yake. Hawezi kunivuta joho mbele ya majaji.

Jumapili, 12 Oktoba

Nilitoka mbele! Musyoka alibaki na mguu mmoja hewani. Bwana ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ilikwaruza. Nilipofika kwenye Haleluya pembe zote mbili zilipasuka kwa pamoja, nikahisi joto kidevuni, damu ikadondoka kwenye joho jeupe. Nikafumba mdomo.

Kisha sauti ya Musyoka ikaja nyuma yangu, polepole, ikaushika ubeti pale pale nilipouachia. Akaumaliza huku amenishika bega. Majaji walidhani tumepanga hivyo. Nafasi ya pili! Bega nimelichunguza kwenye kioo. Hakuna alama. Bado.

Jioni Carolyne alikuja kutupa pole. Akamshukuru Gladys kwa chakula ninachowarushia kuku wao kila siku tangu Pasaka. Wanataga vizuri mno.

Gladys akakaa chini. Alipoondoka Carolyne ndipo akasema. Ule mchicha si wa Musyoka. Kunde si za Musyoka. Aliziotesha yeye mwenyewe, kwenye kipande alichoomba uani kwao, kwa kuwa kwetu pamejaa feni zangu mbovu. Mayai na papai alipewa kwa kumsaidia Carolyne kufua. Aliniona nikichoka ovyo, akataka nipate nguvu za kuimba. Hakupiga kelele. Alilia tu. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nimemwapia kwamba nitakula kila atakachonipakulia.

Jumapili, 19 Oktoba

Siku saba nimekula. Mchicha, kunde, mayai, papai. Chai naingoja mpaka chakula kishuke. Leo povu la mswaki ni jeupe. Pembe za mdomo zimefunga. Nimetamka Haleluya mara kumi na nne mbele ya kioo, hata tone la damu halikutoka. Gladys anaimba jikoni. Jerioth ameahidi nikipona kabisa ubeti nitarudishiwa Krismasi.

Nimekaa nikafikiri sana.

Musyoka ameupata ubeti Jumapili. Wiki hiyo hiyo mimi napona. Hiyo ni bahati? Ameshapata alichotaka, kwa hiyo amepunguza kipimo cha sumu! Kitu chenyewe kinanyunyizwa bustanini, na Gladys maskini hajui. Na mjanja yule ameona mbali. Nikipona kabisa sitakuwa na la kumwonyesha mtu, ushahidi wote utafunga pamoja na vidonda.

Hanijui. Kuanzia kesho narudi kwenye sima na chai ya rangi, ili vidonda vifunguke upya. Krismasi nitasimama mbele ya kanisa zima, nipanue mdomo, wajionee wenyewe.