Suti ya Kuazima na Kifungo cha Kijani

Jumatatu, 6 Februari 1956

Nimealikwa! Mimi, Onesphory, muuza maharage wa Mtaa wa Kongo, mgane wa mwaka wa nane, nimealikwa chai na mwanamke.

Ilikuwa hivi. Saa nne asubuhi alikuja Bibi Euphrasia kununua maharage. Ni mjane, mtu wa kwetu Kibosho, anawafundisha wasichana ushonaji pale misheni. Nikainua gunia kwa mbwembwe ili aone nguvu zangu. Kifungo cha shati kikaruka, kikatumbukia kwenye maharage. Aibu! Yeye wala hakushtuka. Akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akapekua mkoba, akapata kifungo kimoja tu, cha kijani, akanishonea papo hapo shati likiwa mwilini. Shati la kaki, kifungo cha kijani! Akakata uzi kwa meno. Kichwa chake kilikuwa chini ya kidevu changu kwa muda wa kuhesabu hadi kumi na nne. Nilihesabu.

Kisha akasema shemeji yake wa Moshi amemwandikia arudi mlimani akakae na ukoo. Jibu linatakiwa kabla mwezi haujaisha, naye hajui aandike nini. Jumapili saa kumi atakuwa kwenye hoteli ya chai pale kona, kama nina nafasi. Nikamuuliza nivae nini. Kwa nini niliuliza? Akacheka, akasema: "Njoo hivyo hivyo ulivyo, Baba Candida."

Candida ni binti yangu, ameolewa Tabora. Lazima nitafute njia Bibi Euphrasia aache kuniita kwa jina la binti.

Mchana kutwa nimepima maharage macho yakiwa juu ya dari. Mteja mmoja aliomba pishi moja, nikampa tatu. Aliondoka mbio.

Jumanne, 7 Februari

Nimelala macho wazi usiku wote nikilitafakari lile neno. Ulivyo. Nilivyo ni vipi? Kwa nje mimi ni mfupi, nina kitambi, nina mvi. Lakini nilivyo hasa, yaani nilivyo moyoni, ni mrefu kiasi na nimevaa suti. Na Bibi Euphrasia ni mwanamke wa kuona moyo. Kwa hiyo anataka suti.

Nimevuka barabara kwenda kujitazama kwa Anaeli, maana duka lake lina kioo. Anaeli anauza masufuria na sahani za bati. Ni Mlutheri wa Machame, mgane pia, mrefu bila sababu, na ana kofia ya pama anayoivua kwa kila mwanamke apitaye. Nilipokwenda kwenye kioo mara ya tatu akaniuliza nasafiri kwenda wapi. Nikasema siendi popote. Akasema kwa safari hiyo kanzu inatosha. Halafu akanieleza, bila kuulizwa, kwamba Bibi Euphrasia alinunua sufuria kwake mwezi jana na akacheka mara mbili. Mara mbili! Mimi sikumbuki nimewahi kumhesabia mtu vicheko.

Kwangu amecheka mara kumi na moja tangu Krismasi.

Jumatano, 8 Februari

Nimefungua sanduku, nikatoa suti yangu ya harusi. Nondo wameila mgongo. Suruali imekataa kupita magotini.

Sikukata tamaa. Nikaenda kwa Girish, dobi, nyuma ya soko. Napapenda pale. Shuka nyeupe zimeanikwa kamba hadi kamba, upepo ukija zinainuka zote kwa pamoja, na maji ya buluu yanatiririka mferejini. Nilisimama katikati ya shuka nikamwona Euphrasia anakuja kwangu kwa gauni jeupe, mkononi kashika maua, nyuma yake kinanda cha kanisa. Kumbe ni Girish kabeba kapu, ananiambia natia nyayo kwenye foronya ya hakimu.

Mpango wangu ni huu. Wajanja wa mjini wote wanajua kwamba Girish huazimisha nguo za wateja. Unachukua Jumamosi, unarudisha Jumatatu. Kanuni yake moja: acha nguo, chukua nguo. Juu yake maharage kidogo, maana nyumbani kwake hawali nyama. Akaniletea suti ya sufu, kijivu, nzito, safi. Akasema, "Mwenyewe hapana rudi, bwana. Miaka mbili sasa. Hii iko kama yako tu."

Kama yangu! Hata Girish anaona nilivyo.

Jumamosi, 11 Februari

Suti iko chumbani. Nimemwachia Girish shati la kaki. Mwenye suti alikuwa mrefu, kwa hiyo suruali nimeikunja ndani na kuibana kwa pini sita. Koti linafunga nikitoa pumzi. Nitaongea kidogo. Mtu mzima huongea kidogo.

Shati jeupe ninalo moja, na mgongo wake ulikwisha siku nyingi. Imebaki mikono, ukosi na kifua. Haidhuru. Koti litafunika.

Mvi za kichwani nitazifunika kwa kofia. Za masharubu nimezipaka dawa ya viatu, nyeusi. Nimejiona kwenye kioo cha Anaeli: miaka thelathini na tano! Anaeli amesema nanuka kama kiatu kipya. Wivu.

Jumapili, 12 Februari

Naandika kabla jua halijazama.

Nilifika hotelini saa tisa na nusu. Joto la Februari, suti ya sufu. Jasho lilinitoka hadi kwenye magoti. Saa kumi kamili akaingia, gauni la rangi ya samawati, mkoba uleule wa vifungo. Akasimama. Akaitazama suti, akaitazama tena, uso umebadilika. Nikajua imefanya kazi.

Akauliza, kwa sauti ndogo, nimeshonewa wapi. Nikajibu Mombasa. Fundi mkubwa sana, mwaka arobaini na tisa, kwa kipimo changu mwenyewe. Akarudia: kwa kipimo chako? Akatazama chini kwenye pini. Nikaficha miguu chini ya meza.

Nikanywa chai ili nisiongee. Kikombe kikabaki na mstari mweusi pembeni. Nikakigeuza. Upande wa pili nao ukapata mstari.

Nikaona nifanye jambo la kiume. Nikainua mkono juu kuagiza maandazi. Koti likapasuka kuanzia kwapa hadi kiunoni, mlio wake wakausikia hadi jikoni. Euphrasia, kwa mazoea ya kazi yake, akanyoosha mkono kushika mshono. Akafunua bitana. Ndani kulikuwa na msalaba mdogo wa uzi mwekundu. Vidole vyake vikaganda pale.

"Wilbert," akasema.

Nikamkumbusha kwa upole kwamba naitwa Onesphory.

Machozi yakamdondoka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikawaza kwamba ananililia mimi. Nikaiona nyumba yetu, baraza lake, cherehani dirishani, mimi nimekaa na suti hii kila Jumapili. Niliota vile mpaka akaanza kueleza.

Wilbert alikuwa mume wake, karani wa bandarini. Suti ni ya harusi yao. Msalaba aliushona yeye ili madobi wasiipoteze. Alipofariki ghafla, suti ilikuwa kwa dobi, na hakuna aliyejua dobi gani. Akawazungukia wote, kila mmoja akasema hajaiona. Mumewe akazikwa na shati tu. Miaka miwili hii, kila anapopita uwanja wa dobi huangalia kwenye kamba.

Akaniuliza tena, taratibu: nimeitoa wapi?

Hapo ndipo ningesema kweli. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini Mombasa nilikwisha kuitaja, na fundi, na mwaka. Nikasema labda yule fundi wa Mombasa ana mazoea ya kushona misalaba.

Aliniomba nivue koti. Nikavua. Akalikunja mapajani taratibu, mkono juu ya mkono, akasema suruali ataipokea kesho, akaondoka. Chai yake ilibaki nusu.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, Mtaa wa Kongo wote, shati bila mgongo. Anaeli alikuwa barazani kwake. Alinivulia kofia.

Jumatatu, 13 Februari

Nimeipiga pasi suruali mwenyewe, nikatoa pini zote, nikaipeleka misheni nimeifunga kwenye gazeti. Aliipokea mlangoni. Nyuma yake wasichana ishirini walisimamisha cherehani kwa pamoja. Nikasema shikamoo. Ana miaka minane chini yangu!

Girish alianza kufoka kwamba nimempotezea suti. Nikamwambia mjane wa mwenyewe anayo. Akanirudishia shati langu la kaki mbio mbio, limetiwa wanga mpaka linasimama lenyewe. Maharage hakuyataja.

Jumatano, 15 Februari. Jumatano ya Majivu

Asubuhi tumepakwa majivu. Padre aliponiambia mimi ni mavumbi, nilikubali moja kwa moja.

Saa tano nilikuwa napepeta maharage, shati la kaki, mikono nimekunja, majivu kwenye paji la uso. Nikasikia hodi. Euphrasia! Naye ana majivu. Nikadondosha ungo.

Nikaona liwalo na liwe. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: dobi, pini, dawa ya viatu, hakuna Mombasa. Sijawahi hata kufika Mombasa. Akasema alijua tangu Jumapili. Kilichomuumiza si suti. Kilichomuumiza ni kwamba yeye alikuwa analia na mimi nilikuwa bado namdanganya. Niliinamisha kichwa. Iliuma kweli.

Kisha akakaa juu ya gunia. Akasema kwa upande mwingine nimempa kitu. Suti anaipeleka mlimani Pasaka, ataifukia kando ya kaburi la Wilbert, na moyo wake utatulia. Juzi usiku amelala hadi asubuhi, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Barua ya shemeji bado hajaijibu.

Akakigusa kile kifungo cha kijani kuona kama kimeshika. Akasema Jumapili, saa kumi, hoteli ileile, anataka kuniona na shati hili. Hili hili, na mikono imekunjwa hivi. Akarudia mara mbili, na akasema kwa sauti kubwa, kwa sababu alidhani sijasikia. Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa tu juu sana, mahali fulani karibu na dari.

Alipoondoka nikamwona Anaeli mlangoni kwake. Anafuta sufuria. Alikuwa anaifuta ileile tangu Euphrasia alipoingia.

Ijumaa, 17 Februari

Nimefikiri siku mbili. Shati la kaki. Kwa nini shati la kaki?

Nimepata! Ni adabu. Mgeni akiulizwa kama ataongeza wali, husema ameshiba, na jicho liko kwenye sinia. Mwanamke wa heshima hawezi kutamka kwamba anataka mwanaume aliyependeza. Anasema shati, ili nisihangaike. Halafu anakaa anangoja aone kama nitahangaika.

Kosa la Jumapili lilikuwa rangi. Kijivu! Na sufu! Na mwenye nguo alikuwa mtu wa hapa hapa mjini. Safari hii nguo nyeupe, nyepesi, ya mtu wa mbali.

Jumamosi, 18 Februari

Girish ameapa kwamba hii haina mjane. Ni sare ya mpiga tarumbeta wa melini. Nyeupe pe, ina kamba za dhahabu mabegani na vifungo kumi na sita vya shaba. Meli yake imeondoka na haijulikani itarudi lini. Nilisimama tena kati ya shuka, upepo ukaja, zikainuka zote, na mimi nilikuwa mweupe pamoja nazo. Nilimwona Euphrasia anachana barua ya shemeji vipande vipande.

Acha nguo, chukua nguo. Nimemwachia shati la kaki. Girish aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia afanye nalo atakavyo, ni la kazi tu.

Jumapili, 19 Februari

Saa tisa na nusu. Nimevaa. Vifungo kumi na vitano vimefunga, cha kumi na sita kinajadiliana na kitambi changu. Leo sitainua mkono. Dawa ya viatu nimepaka kidogo tu.

Dakika hii nimetazama dirishani nikamwona Anaeli anapita, anaelekea kona ya hoteli. Hana pama. Hana koti. Amevaa shati la kaki, fupi kwake, mikono imekunjwa, na kifungo kimoja cha kijani. Shati langu! Girish amemwazimisha!

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Maskini Anaeli. Mtu mzima, Jumapili, mbele za watu, na shati la maharage la mtu mwingine. Nimemwacha atangulie. Nataka Euphrasia amwone yeye kwanza, ili nikiingia mimi ajionee tofauti.