Nzi Wangu Hawakuwa Hai

Kwa Bwana Meneja wa Kambi ya Wafanyakazi,

Yahusu: kupulizwa dawa nzi ambao hawajawahi kuwa hai, na likizo yangu kurudishwa nyuma

Bwana Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chenye mgongo. Sisi wa chumba kinachopakana na jiko hatujambo, ila tunapiga chafya. Mimi ni yule mbeba zege mwenye kidole kisichokunjika. Shule niliiacha njiani, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, lisukume kidogo upite.

Jumatatu Bwana Afya wako alikuja kukagua vyumba. Ukutani juu ya kitanda changu, kwenye kipande cha sponji, akaona nzi, panzi wadogo na kumbikumbi. Hao si wadudu. Ni chambo ninachofunga kwa mkono wangu: ndoana ndogo, uzi, nta kidogo na unyoya wa shingo ya jogoo. Siku ya mapumziko nashuka nacho mtoni kuvua trauti, yule samaki wa madoadoa asiyebabaishwa na nyungunyungu. Yeye anataka kitu kinachoelea juu ya maji kama mdudu aliyeanguka sasa hivi.

Bwana Afya hakuuliza. Alirudi kinyumenyume, akaziba pua, akamwita mwenye pampu. Chumba kikapulizwa dawa, na kwenye ubao wa matangazo tukaandikwa "chumba chenye nzi". Kwa sheria ya kambi, chumba kichafu kinakwenda mwisho wa foleni ya likizo. Zamu yangu ya kwenda nyumbani ilikuwa mwezi huu. Sasa naambiwa ningoje mpaka mvua zipite.

Nalalamika hivi:

1. Samaki wa mto ule hana cheti. Lakini nzi wangu akitua majini, samaki humtazama kwa chini, humtazama ubavuni, humzunguka, na mara nyingi huondoka zake kwa dharau kwa sababu bawa moja limekaa upande. Bwana Afya, mwenye koti jeupe na miwani, alimeza chambo akiwa bado mlangoni. Ashukuru sikuwa nimeshika ufito wa kuvulia, ningemvuta.

2. Nilimwambia kwa adabu, "Bwana mkubwa, hayo ni manyoya." Akanijibu, "Nzi wote huanza hivyo hivyo." Tangu siku hiyo nalifikiria jibu lile nikiwa juu ya ngazi na ndoo ya zege, na bado sijajua limetoka kitabu gani.

3. Dawa imegandisha manyoya na kuyatia harufu ambayo samaki ataikimbia akiwa bado ng'ambo. Mpishi msaidizi, anayelala kitanda cha juu yangu, amevimba macho. Nzi haikuua hata mmoja, kwa sababu hakukuwa na nzi.

4. Jina langu limekwisha. Kuna mwenzetu tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Kila nikitokea kwenye foleni ya chakula anapaza sauti, "Shikamoo, Baba Nzi! Watoto hawajambo?" Na foleni nzima inamjibu, "Wanaruka!"

5. Kama kufanana ni kosa, basi sheria ifuatwe mpaka mwisho. Ua la plastiki mezani kwako limwagiliwe maji. Simba wa kwenye kalenda yako apigwe risasi. Na msimamizi wetu, ambaye ukimwona kwa mbali anafanana na mtu anayefanya kazi, apewe zege abebe.

6. Nyumbani nina mtoto aliyezaliwa nikiwa huku. Ameanza kutembea. Mama yake ananiambia kwenye simu kwamba mtoto anamfuata mdogo wangu kila aendako, anamwita baba, na mdogo wangu anaitika. Nikamuuliza mdogo wangu, wewe unaitikaje? Akasema, "Sasa kaka, nimwache aite ukuta?" Mvua zikipita, mtoto atakuwa amezoea. Hapa, Bwana Meneja, sina mzaha.

Kwa hayo naomba ubao ufutwe wakati wa chakula, Redio akiwa anaona, na likizo yangu irudi mahali pake. Bwana Afya naomba umpeleke mtoni, akae ukingoni na daftari lake, amwangalie samaki jinsi anavyokagua. Akishindwa kujifunza, samaki aajiriwe badala yake. Tutamweka kwenye ndoo na kumpitisha chumba hadi chumba. Ndoo nitabeba mimi, nimezoea.

Naapa mbele yako na mbele ya wenzangu: katika chumba chetu hakuna nzi mwenye uhai, hajapata kuwepo, na atakayemwona aniite mwongo hadharani.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, karani wako, mlinzi wa geti anayejifanya hanijui, wapishi wote, na Bwana Afya pia, kwa mbali.

Ni mimi, niliye chini ya ndoo yako,
Mbeba zege, kitanda cha chini, karibu na dirisha

Nyongeza: Nilipomaliza kuandika niliona ni vizuri nikuambatishie nzi wawili watatu, ujionee mwenyewe uzi na manyoya. Nikanyoosha mkono kwenye sponji. Wa kwanza ni wangu, nimemshonea hapa pembeni ya karatasi. Wa pili ameruka. Wa tatu pia ameruka, na wa nne sasa hivi anatembea juu ya neno "mwongo". Nimemtazama kwa karibu, na kusema kweli mabawa yake yamekaa vizuri kuliko ya wangu. Naomba barua hii usimwonyeshe Bwana Afya. Likizo bado naiomba. Mtoto yeye ni wa kweli.